Wiki Aliyokataa Maziwa

Mume wangu alipokataa maziwa yangu, kijiji kizima kilijua kabla jua halijatua. Siongezi chumvi. Kwa watu wa ng'ombe, mwanamume haachi maziwa ya mkewe hivi hivi tu. Akiwa na homa atakunywa. Mkigombana atakunywa huku amenuna na kukupa mgongo, lakini atakunywa. Siku akikataa, watu hawamtazami yeye. Wanamtazama mwanamke na kuulizana, huyu naye kafanya nini?

Nilikuwa nimeolewa Biharamulo nikitokea Ngara, upande wa Nyakisasa, kwenye nyumba ya Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. Mwanzoni tuliishi ndani ya migomba yetu, ukitaka kumwona jirani uvuke bonde. Kisha ikaja Operesheni. Tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa kando ya barabara, mbele kidogo ya Nyakahura, tukapangwa mistari, mlango kwa mlango. Serikali ilitaka tukae karibu ili tupate shule, maji na zahanati. Karibu tulikaa kweli! Jirani akipiga chafya usiku, unampa pole ukiwa kitandani kwako.

Siku za kuhama nilikuwa na mimba ya pili. Iliharibika huko huko njiani, nina mzigo wa mahindi kichwani na binti yangu wa kwanza mgongoni. Sikumlaumu mtu. Nilikuwa kijana, nilijua nitapata mwingine. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniuguza, akanikanda kwa maji ya moto kwa mikono yake mwenyewe, hilo simnyimi. Ila alikwisha niambia waziwazi, siku moja tukipukuchua mahindi: "Mwanangu, nakupenda, lakini mtoto mmoja wa kike hajazi nyumba. Ukikaa hivi hivi bila kuzaa, ataoa mwingine, na mimi sitamzuia." Kwa hiyo nilijua ninachokipigania. Nilimtaka mtoto wa pili kuliko nilivyotaka chakula.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mjane mmoja, mdogo wangu kwa umri. Mumewe aling'atwa na nyoka wakati wa kufyeka shamba la kijiji, akafa hajamwachia hata mtoto mmoja. Alikuwa na mdomo huyo dada, lo! Tukiwa shambani anamwigiza mwenyekiti wa kijiji anavyokohoa kabla ya kuhutubia, tunacheka mpaka majembe yanatuponyoka. Tulilima mstari mmoja, tukaenda kisomo cha watu wazima pamoja, tukakalia benchi moja. Hakuwa na ng'ombe, kwa hiyo kila jioni nilimpelekea kikombe cha maziwa. Sikumpa kwa kumwonea huruma. Nilimpa kwa sababu nilimpenda, na nikisema nilimpenda namaanisha hivyo.

Mume wangu alikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji. Kazi yake ilikuwa kwenda mjini kufuata bidhaa za duka la kijiji: chumvi, mafuta ya taa, sabuni za miche. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji. Wanawake wenzangu waliniambia nimepata mume, na mimi nikakubali.

Mwaka ule kabla ya vita, alirudi kutoka mjini jioni moja, nikampelekea kibuyu chake kama kawaida. Akakisogeza pembeni.

"Leo sitaki," akasema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sitaki tu."

Nikadhani uchovu. Kesho yake akakataa tena. Siku iliyofuata akakataa mbele ya wageni, akaomba chai ya rangi, chai yenyewe haina sukari. Mgeni mmoja akatazama kibuyu, akanitazama mimi, akatazama chini.

Ni lazima mwelewe mambo ya vibuyu. Kwetu mume hukamua, lakini vibuyu ni kazi ya mke. Unaviosha, unavifukiza kwa moshi wa majani yake maalumu, unavifunika. Na mwanamke akiwa katika siku zake havigusi kabisa, huomba mwingine amsaidie. Tangu niolewe sikuwahi kuvunja mwiko huo. Mama mkwe mwenyewe alinisifu kwa hilo mbele ya wifi zangu.

Basi mama mkwe akaja. Hakuingia ndani. Alisimama uani, mahali ambapo milango yote ya mstari wetu inamwona, akaniuliza kwa sauti ya kusikika: "Umegusa vibuyu ukiwa mwezini?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu, hapana."

"Basi kwa nini mwanangu anayakataa? Maziwa ya ng'ombe walewale! Nyumba ileile!"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakwangua udongo kwenye jembe. Nilimtazama nikimsihi kwa macho, sema neno, sema tumbo linakusumbua, sema lolote. Aliendelea kukwangua jembe ambalo lilikwisha takata zamani. Mama mkwe akaingia, akatoa vibuyu vyangu kimoja kimoja, akaviweka juani, kisha akaondoka navyo kwake kwenda kuvisafisha upya. Wanawake wenzangu walikuwa milangoni kwao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa cha yule rafiki yangu. Wiki ileile, siku za kwanza kabla vibuyu havijachukuliwa, nilivuka na kikombe chake kama kawaida. Akasema, "Dada, leo tumbo limejaa, mpe mtoto." Kesho yake akasema ana kiungulia. Nikamwuliza, "Hata wewe unaniona mchafu?" Akainamisha uso.

"Usiseme hivyo, dada," akasema. "Usiseme hivyo kabisa."

Lakini kikombe hakukipokea. Nikarudi nacho, maziwa yakinimwagikia mkononi, nikajifungia ndani nikalia. Nilijiambia, kama huyu naye amenidhania vibaya, basi nimekwisha.

Wiki ilipopita, mume wangu akarudia kunywa. Alikunywa kibuyu kizima kutoka kwa mama yake, akafuta midomo, akasema yametulia. Mama mkwe akageuka kwa majirani, "Mnaona?" Sasa niseme nini? Ushahidi ulikuwa umepatikana. Toka siku hiyo nikawa mwanamke aliyechafua maziwa. Vibuyu vilirudi baada ya muda, lakini jina halikunitoka. Na yeye, mume wangu wa ndoa, aliyeniapia mbele ya padri, alikuwa anajua sababu ya kweli, ameikalia kimya.

Miezi ikapita. Mimba haikuja. Yaliyokuja ni maumivu chini ya kitovu, yanakuja na kuondoka. Mara nyingine nilitokwa damu kidogo isiyokuwa ya siku zangu, hasa baada ya kulala na mume wangu. Kulikuwa na uchafu kidogo pia, lakini nani angeujali? Mwanamke anayelima na kubeba maji huwa hakosi la kuumwa. Mama mkwe akasema ni chango la uzazi, akanichemshia mizizi. Nilikunywa mizizi mpaka ulimi ukasahau ladha ya chumvi.

Kisha vita vikaja. Sisi hatukuwa mpakani, mabomu tuliyasikia redioni tu, lakini barabara yetu ilijaa malori ya wanajeshi. Tuliwarushia ndizi mbivu, tukaimba, tukatoa ng'ombe wa kijiji wawe kitoweo cha askari waliokwenda kumpiga nduli aliyeivamia nchi. Vijana wa mgambo waliitwa wakaenda. Mume wangu alibakizwa kwa sababu ya duka na kamati. Sabuni ikatoweka, mafuta ya taa yakatoweka, zahanati ikabaki na bendeji na picha ukutani ya namna ya kuchimba choo. Nilikwenda pale nimejikunja, homa imenipanda.

"Mama, dawa zimekwenda mbele," mhudumu aliniambia.

Ningemgombeza nani? Watoto wa watu walikuwa wanakufa huko. Nikarudi nyumbani, nikalala na jiwe la moto lililofungwa kitambaani juu ya tumbo.

Wakati mimi nalala na jiwe, rafiki yangu akashika mimba. Ilipoanza kuonekana watu walisema ni ya mwanajeshi aliyepita na malori, naye hakukubali wala hakukana. Wengine walimsema vibaya, mimi nikamtetea. Nilikwenda hadi kwa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa anamsengenya nikamwambia afunge mdomo. Nilifungua sanduku langu, nikatoa nguo za binti yangu za uchanga, zile nilizozitunza kwa ajili ya mtoto wangu wa pili, nikazifua, nikampelekea. Alizipokea akilia. Nikadhani ni furaha. Mungu wangu, nilivyokuwa mjinga! Akajifungua mtoto wa kiume, na mimi ndiye niliyemchemshia uji.

Vita vilipokwisha, maumivu yangu hayakwisha. Nilipanda lori la pamba, nikaenda hospitali ya mjini. Nesi aliyenipima alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, hana haraka. Alinipima nyuma ya pazia, akaniminya tumbo nikapiga kelele, akanawa mikono, akakaa karibu yangu badala ya kukaa upande wa pili wa meza.

"Mume wako, kukojoa kunamchoma?"

"Hajaniambia."

"Huu ni ugonjwa wa kuambukizana kwa kulala pamoja," akasema.

Nikaruka. "Mimi? Sijawahi kumjua mwanamume mwingine! Niulize kwetu, niulize kanisani!"

"Sijasema wewe, mama. Kaa chini."

Nikakaa. Akanieleza polepole kwamba mwanamume mara nyingi huchomwa akikojoa, au hutokwa na maji maji, basi hukimbilia hospitali. Mwanamke anaweza kukaa na ugonjwa huohuo miezi mingi hajisikii kitu, anafanya kazi, anacheka, kumbe huku ndani unapanda kwenye kizazi na kwenye mirija. Akanipa vidonge, vile vya ngozi laini vya rangi mbili. Vya kumeza kutwa mara nne kwa wiki nzima. Nisiache hata kama nimepata nafuu, nisimgawie mtu, nisivifungue nikanyunyizia vidonda kama wanavyofanya wengi. Nisilale na mume wangu mpaka naye anywe na amalize.

"Na maziwa, hapana," akasema. "Najua nyinyi wa vijijini dawa lazima isindikizwe na maziwa isiunguze tumbo. Hii, hapana. Wala mtindi. Maziwa yanaishika dawa tumboni, inapita bure. Meza na maji."

Nilikuwa nimeshika ile karatasi ya gazeti aliyofungia dawa.

"Wiki nzima bila maziwa?" nikauliza.

"Wiki nzima."

"Hata mwanamume?"

"Hata mwanamume. Mwanamume akija hapa na ugonjwa huu tunampa vifungu viwili vya dawa, chake na cha mke wake, na tunamwambia hivyo hivyo." Kisha akaniangalia vizuri. "Mumeo hakukuletea?"

Nilikuwa nyumbani kwangu tena, nimeshika kibuyu, mume wangu anakisogeza pembeni. Nilikuwa uani, mama mkwe anatoa vyombo vyangu. Halafu nikajiona navuka njia na kikombe, na mwanamke mwingine anakataa maziwa wiki ileile. Hapo nikaelewa mambo yote mawili kwa pamoja.

Jina la ugonjwa ule nilikuja kulijua uzeeni, nikiwa nimempeleka mjukuu kliniki. Enzi zetu kila kitu cha sehemu hizo kiliitwa kisonono. Muuguzi kijana akafundisha kuhusu ugonjwa uitwao klamidia, anasema ndio unaojificha kwa wanawake, ndio unaoziba mirija, na mama akiwa nao mtoto anaweza kuzaliwa akavimba macho na kutoka usaha. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza habari za tumbo langu mwenyewe. Wasichana pembeni yangu walikuwa wanachekacheka wakiziba midomo, hasira zikanipanda.

"Mnacheka nini?" nikawaambia. "Msikilizeni! Hii si hadithi."

Na sasa popote nikikaa na wasichana nasema, aibu ilikwisha zamani. Kondomu ipo, itumieni, hata kama anakuapia kwa mama yake. Mkianza uchumba nendeni mkapimwe wote wawili. Penye vipimo watawapima, pasipo na vipimo watawatibu kwa dalili, lakini nendeni. Ukiambiwa unao, usimeze dawa peke yako ukanyamaza. Mlete mwenzako, mmeze wote, na msikutane mpaka mmemaliza na wiki imepita, la sivyo mtarudishiana kama mpira. Na msiyangojee maumivu ndiyo yawe shahidi. Mimi shahidi wangu alichelewa sana. Mume akileta dawa akasema ni yako, meza. Na akiwa nayo ya kwako akakuficha, basi Mungu amwone.

Nilirudi kijijini na lori lilelile. Mume wangu alikuwa anatengeneza boma la ng'ombe, mama yake amekaa kivulini anachambua maharagwe. Sikumsalimu mama mkwe kwanza, kitu ambacho sikuwahi kufanya maishani mwangu. Nikasimama mbele ya mume wangu.

"Ile wiki uliyokataa maziwa, ulikuwa unakunywa dawa gani?"

Akaendelea kufunga miti. Nikalirudia swali. Mama mkwe akauliza, "Dawa gani tena?"

"Mwulize mwanao, mama. Mimi niliitwa mchafu mbele ya kijiji. Mwulize nani alikuwa mchafu."

Akaacha kamba. Alikuwa amenywea, mwanamume mzima. "Daktari alinikataza maziwa," akasema.

"Na ulipewa vifungu vingapi?"

"Viwili."

"Changu kiko wapi?"

Ng'ombe mmoja akajikuna kwenye mti. Mwishowe akasema, na nawaapia hakusema kwa ukatili, alisema kama mtu anayeeleza jambo la akili: "Wewe hukuwa unaumwa. Yeye alikuwa analia kwa maumivu, hawezi hata kuinama. Wewe ulikuwa mzima, unalima, unacheka. Ningekupa dawa ya nini?"

Sikuhitaji kuuliza yeye ni nani. Mlango wake ulikuwa pale mbele yetu, nepi za binti yangu zimeanikwa kwenye kamba.

Nilimgeukia mama mkwe. Nilikuwa natarajia kitu, sijui nini. Aseme samahani ya vibuyu. Amtukane mwanawe hata mara moja tu. Yule mama aliyenikanda maji ya moto alisimama, maharagwe yakamwagika kutoka mapajani mwake, akautazama ule mlango wa mbele, na uso wake ukafunguka.

"Kwa hiyo yule mtoto ni wetu?" akasema.

Alivuka njia palepale, akiwa pekupeku, kwenda kumtazama mjukuu wake. Nilibaki nimesimama na dawa yangu ya gazeti mkononi. Niseme nini kingine? Siku ile nilimpoteza mume, lakini kumpoteza yule mama ndiko kulikoniliza.

Dawa nilimeza yote, kwa maji. Nesi alikuwa ameagiza mume wangu arudi hospitali naye atibiwe tena, kwa sababu mtu akinywa yeye halafu mkewe asinywe, anarudi kuupata kwa mkewe. Alikwenda, kwa kulazimishwa na mama yake, ambaye sasa alimhofia mjukuu. Maumivu yangu yakapungua, homa ikaisha, nikanenepa kidogo. Nikaanza kutumaini tena. Mnajua kutumaini kulivyo, hakuna aibu. Nilidhani sasa ugonjwa umeondoka, mtoto wangu atakuja, na nitalipiza kwa kuzaa tu, bila neno.

Mwezi ukaja mwezi ukaenda. Nikarudi hospitali kumwona daktari. Akanipima, akauliza maswali, akaniambia ugonjwa umekwisha lakini umeacha makovu kwenye mirija. Mirija imeziba. Laiti ungetibiwa mwanzo, akasema, ungeweza kuzaa. Hakujua anasema nini. Nilimwuliza, "Hata mmoja, daktari?" Akasema pole mama, akaita mgonjwa mwingine.

Wazee wa ukoo walikaa na balozi wa nyumba kumi, wakaamua mume wangu amchukue yule mwanamke kihalali, kwa kuwa kuna mtoto wa kiume na mke mkubwa hazai tena. Walisema hazai tena kana kwamba ni mvua iliyokata. Nilisimama nikataka kueleza. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema mambo ya chumbani hayaletwi barazani. Nikamwambia, "Vibuyu vyangu vililetwa barazani, babu, mbona hamkusema?" Wakaendelea na habari ya siku ya sherehe.

Niliamua kurudi kwetu Ngara. Binti yangu hawakumgombea. Alikuwa msichana tu, wakasema, aende na mama yake. Asubuhi ya kuondoka nilifunga vitu vyangu, nikavuka njia. Sikuwa nimeongea na yule mwanamke tangu siku ile ya boma. Alikuwa amekaa mlangoni ananyonyesha. Aliponiona alitaka kuinuka, nikamwambia, "Kaa."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mabaya, usiku kucha nayapanga. Lakini swali langu lilikuwa moja tu, ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Moyo wangu ulikuwa bado unamtafutia njia ya kutokea. Nilikuwa nataka aseme hakujua.

"Alipokupa zile dawa," nikamwuliza, "alikuambia zilikuwa za nani?"

Aliangalia chini, akamfuta mtoto maziwa shavuni. Angeweza kunidanganya, na mimi ningemwamini, kwa sababu nilikwisha zoea kumwamini.

"Aliniambia ni zako," akasema.

"Ukameza."

"Nikameza, dada."

"Na ulikuwa unajua kwamba zikinikosa nitaumia?"

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Hakuwa anatania, wala hakuwa ananibeza. Alikuwa analia.

"Alisema bila dawa mtu hazai," akasema. "Dada, wewe ulikuwa na mtoto tayari."

Mkono wangu ulikwisha inuka kumpiga kofi. Yule mtoto akaacha titi, akageuka kunitazama, amevaa shati la binti yangu. Nikaushusha mkono, nikamwita mwanangu, tukaenda barabarani kusubiri gari.